Mita Tatu za Bahizi

Aliyesema haraka haraka haina baraka hakuwahi kuendesha baiskeli na kundi la Gatete. Kundi hilo hukutana kando ya ziwa, pale Gisenyi, kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, isipokuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo ni ya umuganda, kazi za pamoja za mtaa. Likishaondoka halibembelezi mtu. Linapita Rugerero, linapita Nyundo, linafika Mahoko wauza viazi wakiwa ndio kwanza wanafungua magunia, kisha linaukabili mlima mpaka Kanzenze. Huko juu wanashuka, wanaagiza chai ya maziwa na kumsubiri wa mwisho afike, ndipo wateremke pamoja.

Kwa miaka minne, kila aliyekuwa wa mwisho alikuwa na mtu wa kumsindikiza, na mtu huyo alikuwa Bahizi. Walimwita mchungaji. Cheo hicho hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe. Siku moja alisimama mbele ya wenzake akasema si vizuri wageni kuachwa peke yao barabarani penye malori, na kwamba kuanzia siku hiyo yeye atakaa nao nyuma. Watu wakampigia makofi. Wakasema muzee Bahizi ana moyo. Moyo alikuwa nao, tusimnyime haki yake, lakini siku ile alichokuwa hana ni miguu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na yeye aliyewahi kuwaburuza vijana wote wa mji huu alianza kuona migongo yao ikimponyoka pale Nyundo.

Sasa alikuwa na sitini na mmoja. Kazi yake ilikuwa ufundi wa baiskeli, karibu na soko, na mke wake Nyiraneza alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Siku za kazi zilikwenda tu, kwa sababu mteja hakosekani. Jumapili alikwenda kanisani. Ila Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake na Nyiraneza, siku ya kukaa barazani na kubishana juu ya upuuzi, na nyumba siku hiyo ilimpiga kama fimbo. Kundi ndilo lililomtoa humo ndani. Kwa hiyo alichokiogopa Bahizi hakikuwa mlima wala ugonjwa. Aliogopa kwamba siku moja Gatete angemwita pembeni na kumwambia kwa heshima zote kuwa amechoka, akapumzike na wazee wa Jumapili, wale wanaotembeza baiskeli mita mia tano kando ya ziwa halafu wanakaa kunywa fanta.

Mchungaji anahitaji kondoo. Mgeni akiwepo, Bahizi alikuwa mtu muhimu. Asipokuwepo, ilimbidi atafute sababu ya kuchelewa, na mwaka uliopita pekee alipata pancha kumi na moja, yeye fundi.

Ndipo akaja Verediane.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini na tatu, mwenye kucheka kwa sauti, na baiskeli ya mashindano aliyoinunua huko Goma ikiwa imeshatumika. Hakuwa na mume wala mtoto, na alichokitaka alikisema wazi siku ya kwanza: kufika Kanzenze pamoja na kundi, mara moja tu, achanganyikane nao, anywe chai ikiwa bado moto. Gatete alimtazama, akamtazama Bahizi, akasema, "Bon. Huyu ni mwanafunzi yako, muzee." Na katika kundi lile neno hilo lilikuwa sheria. Mgeni ana mwalimu mmoja. Wengine hawamfundishi, hawamsahihishi, hata wakimwona anakosea. Mwanafunzi wa mtu haguswi.

Bahizi alimfundisha vizuri. Alimwonyesha jinsi ya kunyoosha kidole chini ukiona shimo ili wa nyuma yako ajue. Alimwambia ale ndizi kabla ya njaa na anywe kabla ya kiu. Alimfunza kubadili gia kabla ya mlima, si katikati yake. Alimwinulia kiti, akamkazia breki, akamtengenezea mnyororo bila kumdai. Jambo moja tu ndilo alilomfundisha vibaya, na hilo ndilo lililokuwa na maana kuliko yote.

Waendeshaji wa kundi wanakaa karibu. Gurudumu la nyuma la mwenzako na la mbele lako linaachana shubiri mbili, pengine chini ya hapo. Anayetangulia anapasua upepo, wewe nyuma yake unavutwa kama mtoto mgongoni kwa mama yake, halafu mnabadilishana. Siri yote ya mwendo wao ni hiyo. Asiyekaa kwenye gurudumu la mwenzake, hata awe na mapaja ya ng'ombe wa Mudende, ataachwa, maana asubuhi upepo unashuka kutoka milimani na kumgonga kifuani.

Jumamosi ya kwanza Verediane alilisogelea gurudumu la aliyemtangulia bila kuambiwa. Mwili wake ulijua wenyewe. Bahizi akaona jinsi alivyoketi hapo kwa urahisi, akaiona miguu ile iliyokanyaga cherehani miaka kumi na mitano ikizunguka bila jasho, na akaona mwezi mmoja mbele, pengine miwili, yeye akiwa peke yake nyuma.

"Kaa mbali!" alimpigia kelele. "Weka mita tatu. Magurudumu ikigusana utaanguka, na utaangusha batu."

"Mita tatu, papa?"

"Mita tatu. Kila siku."

Akarudi nyuma, akaweka mita tatu. Kabla ya Nyundo kundi lilikuwa limekwenda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi mitano. Kwamba kugusana magurudumu ni hatari, ni kweli, na Bahizi aliushikilia ukweli huo kama mlevi anavyoshikilia ukuta. Lakini yeye mwenyewe hakuweka mita tatu. Wakishaachwa, Verediane akiinama mbele kupambana na upepo, Bahizi alijibanza nyuma ya gurudumu lake, shubiri moja, akivutwa. Mwanamke yule alimkatia upepo kutoka Nyundo mpaka Mahoko, Jumamosi baada ya Jumamosi, akigeuka kila mara kuuliza, "Papa, uko sawa?"

Naye alijibu, "Niko nyuma yako, mwanangu. Usiogope."

Kibaya zaidi ni kwamba walipendana, jinsi baba na binti wanavyopendana. Mlimani, mahali ambapo mwendo ni wa polepole na hakuna upepo wa kugombania, waliongea. Alimsimulia habari za Nyiraneza, hata ugomvi wao, hata siku alipomfichia mkewe chumvi kwa hasira. Verediane alimshonea fulana iliyopasuka begani, na siku ya kumbukumbu ya marehemu alifunga cherehani mapema akaja kukaa naye barazani, akabishana naye juu ya upuuzi mpaka mzee akacheka. Hakuwa amecheka katika baraza lile tangu mazishi. Usiku huo Bahizi aliamua atamwambia ukweli Jumamosi. Jumamosi ilipofika hakumwambia.

Mwezi wa tano mvua ziliwakuta mlimani wote wawili. Walifika Kanzenze dakika arobaini nyuma, kundi limeshalowa na kupoa, watu wakitetemeka. Hakuna aliyesema neno baya. Gatete alimpa Verediane chai na kumwambia taratibu, "Dada, kundi ya Jumapili nayo iko muzuri. Fikiria tu."

Alhamisi Verediane alikuja kwenye kibanda cha Bahizi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuleta kazi.

"Jumamosi hii ni ya mwisho," alisema. "Wakiniacha tena, ninauza baiskeli."

"Usiseme hivyo."

"Papa, mi nimejaribu. Ninakimbia asubuhi. Nimeacha sukari. Nimeomba Mungu, yewe, mpaka nikaona haya. Nadhani aliniumba muzito, donc, basi nikubali." Machozi yalimtoka, naye akayafuta kwa mkono wenye alama za sindano. "Nasikia uchungu juu yako tu. Miezi tano unakaa nyuma na mimi, na we ungeweza kwenda na wenzako. Asante. Haukuniacha hata siku moja."

Bahizi alikuwa ameshika gurudumu la mteja. Alilizungusha, akalitazama likizunguka, kwa sababu hakuweza kumtazama yeye. Amemwibia mtu, na mtu huyo anamshukuru. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona katika maisha yake, hata siku za ujana wake alipofanya mambo ya kipumbavu kweli.

Jumamosi, kabla ya kuondoka, alimshika usukani.

"Leo sahau mita tatu. Shika gurudumu ya Gatete. Shubiri mbili, hivi," akampimia kwa vidole. "Usiangalie tairi, angalia mugongo yake. Akisimama simama, akilala lala. Usimuachilie mpaka Mahoko."

"Si uliniambia ni hatari?"

"Nilikosea. Nenda."

"Na we?"

"Mi niko nyuma yako," alisema, na mara hii hakuwa anasema uongo.

Alikwenda. Rugerero alikuwa kwenye gurudumu la Gatete. Nyundo, pale ambapo kila wiki aliachwa kama aliyekatikiwa kamba, leo kamba haikukatika. Bahizi alisimama juu ya pedali na kujitahidi awe naye hata kilomita moja, ajionee mwenyewe. Aliona mgongo wa Verediane, wenye fulana nyekundu, katikati ya migongo mingine, umetulia, ukizidi kuwa mdogo. Alimsikia akicheka. Halafu barabara ikapinda, na upepo wote wa milimani ukamwangukia yeye peke yake, wala hapakuwa na mtu wa kuukata.

Alifurahi. Watu wasidhani hakufurahi. Alifurahi na kulia kwa wakati mmoja, na kwa vile pumzi haikutosha kwa mambo yote mawili na kupanda, mara mbili alishuka akatembea. Pale Mahoko mama mmoja muuza karoti, aliyezoea kuwaona wakipita wawili, alimwita, "Muzee! Binti yako iko wapi leo?"

"Iko mbele," alijibu.

"Mbele! Ayiwe! Sasa we unaenda na nani?"

Bahizi akapandisha mguu juu ya baiskeli.

Alipofika Kanzenze chai ilikuwa imekwisha. Verediane alimkimbilia na kumkumbatia huku baiskeli ikiwa bado katikati yao, akasema papa umeona, umeona, nimefika na wao, nimekunywa chai moto nimeungua ulimi. Wengine walimpongeza Bahizi kwa mwanafunzi wake. Gatete tu ndiye aliyemtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akajifanya anakagua breki.

Furaha ya Verediane ilipopungua kidogo, alimvuta Bahizi kando, kwenye benchi la mama wa chai.

"Gatete ameniuliza nani alinifundisha kukaa mbali. Nimemwambia ni mimi, nilikuwa naogopa." Akaketi. "Amesema hata mutoto wa wiki moja anaambiwa kukaa karibu. Papa, juu ya nini haukuniambia?"

Alikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema alimhurumia, asivunjike. Angeweza kusema uzee, amesahau. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imemfikisha hapa.

"Ungejua, ungeenda," alisema. "Ukienda, wataona mi siwezi tena. Wataniambia nibaki nyumbani."

Verediane aliitazama barabara waliyopandia. Akili yake ilikuwa inarudi nyuma, barabara yote ile, wiki baada ya wiki.

"Na we nyuma yangu ulikuwa mita ngapi?"

"Karibu."

"Karibu kabisa?"

"Karibu kabisa, mwanangu."

"Kumbe mi ndiyo nilikuwa nakukatia upepo." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Nikirudi nyumbani nilikuwa nalia, papa. Nilikuwa najitazama kwa kioo nauliza mwili huu uko na kasoro gani."

"Najua."

"Haujui."

Gatete alipiga mluzi. Watu walianza kuvaa kofia zao ngumu na kupanga mstari wa kuteremka. Verediane alisimama, akafunga kamba ya kofia yake chini ya kidevu, ikamponyoka, akaifunga tena. Aliongea akiwa ameutazama mstari ule, si yeye.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungesema, Verediane, miguu yangu imekwisha, naogopa kubaki peke yangu. Ningekaa nyuma na we. Kila Jumamosi ningekaa, na hakuna mutu angejua."

Kisha akaenda. Gatete alimwachia nafasi nyuma ya gurudumu lake, naye akaingia humo kama aliyezaliwa humo, na kundi likaanza kuteremka kuelekea Mahoko, Bahizi akibaki benchini.

Mama wa chai alikuja kuokota vikombe. Alimkuta mzee ameinama juu ya magoti yake, mabega yanatikisika, akamwuliza kwa Kinyarwanda ameumia wapi. Bahizi alitikisa kichwa. Mama yule akaweka vikombe chini, akaketi kwenye benchi kando yake, akasubiri amalize.