Pamba ya Upande wa Kulia

Katika mwili wangu mzima ni masikio peke yake yanayolipwa mshahara. Miguu inayasindikiza kazini, vidole vinatekeleza amri, na akili huwa naiacha nyumbani ipumzike. Saa mbili asubuhi navaa spika masikioni, nasikiliza mikutano iliyorekodiwa ya watu wazima wanaobishana nani alisema nini, na nachapa kila neno mpaka saa kumi. Tuko wachapaji kumi na wanne kwenye chumba kimoja chenye feni mbili, moja mgonjwa. Ukichungulia mlangoni utadhani tuko kwenye ibada. Kumbe tunachapa matusi ya wakurugenzi.

Sasa, spika tunazonunuliwa na ofisi hazimalizi miezi miwili. Upande mmoja unakata roho, halafu siku nzima unashinda umeukunja waya kwa kidole gumba, hata kupumua unaogopa, sauti isije ikakimbia. Bosi wetu tunamwita Nukta, kwa sababu hajawahi kusamehe sentensi isiyofungwa. Siku alipochoka na malalamiko yetu akauliza kama kuna anayemjua fundi wa kutengeneza spika imara za bei ya kawaida. Mdomo wangu ukaropoka: "Baba yangu mdogo anatengeneza, tena kwa mkono." Nani aliniuliza?

"Lete jozi sita," Nukta akasema. "Zijaribu wiki nzima. Ijumaa asubuhi nataka ripoti mezani kwangu: sauti, ufundi, starehe ya sikio, kuziba kelele. Kila kimoja maksi juu ya kumi. Na usiniletee undugu hapa."

Undugu wenyewe ulivyo ni hivi. Baba mdogo ni mume wa mama mdogo, na mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Baba mdogo ni fundi redio na spika kubwa tangu sijazaliwa. Miaka mitatu iliyopita aliingiwa na wazimu wa kutengeneza hivi vya masikioni, akajifungia kwenye chumba cha uani na mashine ndogo ya kuchongea mbao. Tangu siku hiyo, anasema mama mdogo, mume wake hamjibu. Anamsemesha mezani, kimya. Anamwambia jambo, mtu anatikisa kichwa kama amekubali, halafu hafanyi chochote. "Anajitia hamnazo," anasema. "Nimechoka kuongea na ukuta unaokula!" Hawana watoto wa kuwagawia hasira, kwa hiyo zote hunifikia mimi, zikiwa bado za moto.

Aliposikia habari za ofisi yetu akatoa tangazo, mimi na mama tukiwa mashahidi. "Zikipita, naufyata, hamtanisikia tena. Zikikataliwa, afunge kile chumba chake na hiyo mashine aiuze. Akigoma, nafungasha virago nahamia hapa kwa dada."

Kwa dada ni kwetu. Kwetu kuna vyumba viwili, na hicho cha pili chenye kitanda kimoja ni changu. Mama mdogo nampenda, Mungu shahidi, lakini huyo mtu anaongea hata usingizini, tena anataka ajibiwe. Kwa hiyo nasema mapema, asije mtu akanisuta: sikuwa hakimu wa haki. Nilitaka zipite, na nilitaka zipite kwa ajili ya godoro langu.

Jumatatu nikaanza. Ufundi, jamani, acheni tu. Vigamba vya mbao kavichonga kwa miguu ya viti vilivyovunjika, kila kimoja kidogo kama ncha ya kidole gumba, laini mpaka unatamani kukilamba. Waya kausuka mwenyewe nyuzi tatu kama msuko wa nywele, ukiutupa mfukoni hautoki na mafundo. Pini kailehemu na kuivika kola ya mpira isivunjike shingo. Upande wa kulia kaupaka alama nyekundu. Nikaandika tisa bila kusita. Kumi sikutoa kwa sababu Nukta akiona kumi ananusa undugu.

Halafu nikazivaa, nikabonyeza kitufe.

Kushoto, asali. Sauti ya mwenyekiti ilikaa sikioni imetulia, nene, kila neno na nafasi yake. Kulia, balaa! Mwenyekiti yuleyule kulia alikuwa bati linalokwaruzwa. Mtu akifunua karatasi kikaoni, kulia nasikia anakaanga. Mtu akivuta kamasi, na huwa wanavuta sana hao wakurugenzi, nilikuwa naruka kwenye kiti. Kufika saa sita kichwa kinanigonga upande mmoja.

Nikajiambia labda sikio langu ndilo bovu. Nikazigeuza, ya kulia nikaivaa kushoto. Maumivu yakahama pamoja nayo. Nikajaribu jozi ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Zote vilevile. Nikampa mwenzangu wa meza ya jirani avae bila kumwambia kitu. Akavumilia dakika mbili, akaichomoa ya kulia, akaniuliza kama nina kisasi naye.

Jumanne na Jumatano nikajikaza nikitumaini nitazoea. Wapi! Kwenye sauti nikaandika nne, nikaifuta, nikaandika sita, nikajionea haya, nikarudisha nne. Kwa nne hiyo chumba cha uani kimefungwa na kitanda changu kina mgeni. Alhamisi nikaomba ruhusa ya mchana, nikaziweka jozi zote sita kwenye mkoba, nikaenda kwa baba mdogo kumpa vidonge vyake.

Chumba chake kina harufu ya mbao mbichi na risasi iliyoyeyushwa. Feni imekaa juu ya rafu inavuruga vumbi la mbao. Yeye anakaa kwenye meza akitazama ukuta wenye vifaa, mlango uko kulia kwake, na hapo mlangoni, penye mwanga, ndipo kilipo kiti cha mama mdogo. Mama mdogo hushona vifungo na zipu za nguo za watu, na hata akiwa na hasira hushonea palepale, amshike mtu akiwa hana pa kukimbilia. Siku hiyo alikuwepo, shati la mtu mapajani.

"Shikamooni."

"Marahaba!" mama mdogo akadakia. "Umeleta jibu? Nipange nguo nisipange?"

"Mama mdogo, hata kukaa sijakaa."

"Basi kaa. Nikakuletee maji ya kunywa, maana huyu hawezi kukukaribisha, anahifadhi mate yake." Akatoka kuelekea ndani.

Nikakaa kushoto kwa baba mdogo, sikumzungusha. "Baba mdogo, upande wa kulia unachoma. Jozi zote sita. Tumeumwa vichwa ofisi nzima." Ofisi nzima nilitia chumvi, tulikuwa wawili.

Akakunja uso. "Haiwezekani. Kila jozi nimeisikiliza mwenyewe, si mara moja. Ninyi mmezoea makopo ya dukani."

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nimevumilia siku tatu kwa ajili ya huyu mtu, halafu ananiambia masikio yangu ni ya makopo! Nikachukua kibano mezani pake, nikavua mpira wa spika ya kushoto, nikachungulia. Shingoni mwa kigamba mlikuwa na pamba kidogo, imefinyangwa vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha zamani kwamba hiyo pamba ndiyo inayolainisha sauti kali. Nikavua mpira wa kulia. Tupu. Nikafungua jozi ya pili: kushoto pamba, kulia tupu. Nilizifungua zote sita, nikampangia mezani mbele yake.

"Umesahau pamba, basi. Sema umesahau tuyamalize."

"Sijasahau. Niliitoa."

"Uliitoa kwa nini?"

"Kwa sababu nikiiweka, kulia kunakuwa bubu. Nikawa naipunguza, naipunguza, mpaka pande zote mbili zikalingana."

"Zikalingana kwa nani?"

Akashika kipande cha msasa, akaanza kusugua kigamba ambacho kilishasuguliwa. Hasira yangu ikapoa palepale. Nikasimama nyuma yake, nikasugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio lake la kushoto.

"Acha kunitekenya," akasema. "Nakusikia."

Nikahamia kulia, nikasugua. Nikasugua tena mpaka vidole vikapata moto.

"Haya, anza basi," akasema. "Unangoja nini?"

Nikarudi kwenye kiti changu, kushoto kwake. "Nimeshamaliza, baba mdogo."

Akauweka msasa chini. Akatazama vile vigamba sita vitupu, halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Spika kubwa," akasema. "Miaka yote ile ya shughuli za watu nilikuwa nasimama nazo upande huu. Kwanza zilipotea sauti kali. Halafu zile za chini. Sasa hivi kulia nasikia makelele tu."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu, minne."

Miaka mitatu! Nikaanza kuiona ile meza ya chakula, mama mdogo amekaa kulia kwa mumewe kama alivyokaa siku zote, na huyu anatikisa kichwa kwa maneno ambayo hayakumfika.

"Kwa nini hukumwambia mkeo? Anadhani unamdharau! Anataka kuhama! Anahamia kitandani kwangu!"

"Na nikimwambia, halafu? Utaandika kwenye ripoti yako fundi wa sauti kiziwi? Nani ataniletea redio? Nani ataninunulia hizi?" Alizisukuma pembeni zile jozi. "Mwache aniite mkorofi. Mume mkorofi anavumilika, wamejaa tele. Lakini nikimwambia, ataanza kunionea huruma, ataniongelesha taratibu kama mgonjwa. Yule? Yule namtaka hivyohivyo alivyo, na kelele zake."

Mama mdogo alikuwa ameshafika mlangoni na sinia la maji. Mimi nilimwona. Baba mdogo alikuwa amempa lile sikio, na feni ilikuwa inavuma.

Sijui alisikia kuanzia wapi. Huyo mwanamke husikia ugomvi wa nyumba ya tatu, kwa hiyo nadhani alisikia vyote. Akasimama tu, sinia mkononi. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Fundi."

Baba mdogo akaendelea kutazama meza.

"Fundi," akarudia, vilevile taratibu.

Hakugeuka. Mimi nilipigwa butwaa, hata kumfinya sikuweza. Mama mdogo akaweka sinia sakafuni, akaniangalia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka vitu vingi kwa mpigo. Kisha akainua kiti chake kwa mikono miwili, akapita nacho nyuma ya mumewe akipiga chafya za vumbi la mbao, akakitua kushoto, pembeni yangu, kwa kishindo.

Hapo ndipo baba mdogo alipomwona. Akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa. Nilidhani ataniua.

"Kumbe!" mama mdogo akaanza, na sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi. "Kumbe miaka mitatu nagombana na sikio! Nimekutukana bure, nimekusengenya kwa dada, nimekunyima mazungumzo, na wewe umekaa hapo kimya unafurahia?"

"Matusi niliyasikia yote," baba mdogo akasema. "Ulikuwa unayapiga kwa nguvu. Yaliyonipita ni yale uliyosema polepole."

Mama mdogo akafungua mdomo, akaufunga. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akikosa la kusema, na naapa niliogopa. Macho yakamjaa maji. Akavuta shati la mteja, akajifutia.

"Hayakuwa mengi," akasema.

"Basi hayatachukua muda. Yarudie."

Mama mdogo akaniangalia mimi. Yule mume naye akaniangalia. Na mimi, mtu ninayelipwa kusikiliza ya watu, nikaona aibu ya ajabu. Nikachana pamba kutoka kwenye mfuko wa baba mdogo, nikaifinyanga, nikaipachika upande wa kulia wa jozi ya kwanza, nikarudisha mipira. Nikazivaa, nikawageuzia mgongo, nikafungulia kwenye simu mkutano wa bajeti ya mwaka jana. Mwenyekiti akaingia masikioni, kushoto asali, kulia asali. Nilisikiliza bajeti nusu saa nzima bila kugeuka.

Baadaye tulizirekebisha zote. Baba mdogo akipachika pamba, mama mdogo kazivaa, anafoka: "Bado! Punguza! Nimesema punguza, hapo hapo, usiguse!" Akawa anafokea sikio la kushoto, na baba mdogo anajibu kila neno, jingine hata kabla halijaisha.

Ijumaa asubuhi ripoti ilikuwa mezani kwa Nukta. Niliandika kwamba upande wa kulia ulikuwa na kasoro, kwamba imerekebishwa, na kwamba kuanzia sasa kila jozi itapitia kwa wasikilizaji wawili kabla ya kutoka. Sauti nane. Ufundi tisa. Starehe ya sikio nane. Nukta akasoma akitafuta undugu kwa ncha ya kalamu, mpaka mstari wa mwisho.

"Kuziba kelele, kumi? Umepimaje?"

"Watu wawili walikuwa wanaongea hatua mbili kutoka nilipokaa," nikamwambia. "Nusu saa."

"Walikuwa wanasema nini?"

"Sijui, bosi. Ndiyo maana nimezipa kumi."