Chai ya Sephora

Nimezalisha wanawake hapa Likasi kwa miaka kumi na tisa, na mpaka leo anayenipandisha presha kazini ni mama mkwe. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni unaweza kumgeuza. Mama mkwe hageuziki.

Asubuhi ile alikuja Mama Eugénie, akimtanguliza Sephora, mke wa mwanawe. Nyuma yao alikuja mwanawe mwenyewe, Banza, mchimbaji wa mgodi wa Kamatanda, amebeba beseni, blanketi na uso wa mtu aliyeiba. Mama Eugénie alikuwa na furaha ya ajabu. Alipanda ngazi za kituo chetu cha afya bila kushika ukuta, akanitangazia kwamba Bwana amemponya magoti njiani, akacheza hatua mbili ili nisadiki. Mimi Mkatoliki, nikasema amina, nikaendelea na kazi.

Njia ya Sephora ilikuwa imefunguka sentimita nne, mimba ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemkaba kweli. Nikamweleza tulicho nacho. Ile sindano ya uti wa mgongo inayotia ganzi kiunoni hatuna, aitakaye aende Lubumbashi. Tuna pethidini, inachomwa pajani. Haimalizi maumivu, inayapunguza makali tu. Italeta usingizi, pengine na kichefuchefu. Na lazima ichomwe mapema, kwa sababu mtoto akitoka muda mfupi baada ya sindano anaweza kuzaliwa amelegea, mvivu wa kupumua.

"Unaitaka?"

Sephora akafungua mdomo. Mama Eugénie akakohoa.

"Hapana," akasema Sephora.

Mama mkwe akageuka kutafuta kanga kwenye beseni. Sephora akanivuta aproni. "Mama Georgette, unipatie. Niko nakufa."

Mama mkwe akageuka tena. "Hapana," akasema Sephora kwa sauti kubwa.

Tulikwenda hivyo nusu saa nzima, ndiyo ya kunong'ona na hapana ya kutangaza, mpaka nikachoka. Nikamwambia Mama Eugénie kwamba paja si lake.

"Paja si yangu, lakini mujukuu ni wa kwetu," akajibu. "Minye nilizalaka bila hata aspirine. Mwanamuke anazala na uchungu. Ni vile Mungu alipanga."

Hapo ukaja uchungu mmoja uliomaliza adabu yote.

"Mama, weye ukatae siku yako!" Sephora akapiga kelele. "Minye naitaka!"

Nilitamani kumpigia makofi. Nikachukua daftari na kuuliza swali ninaloliuliza kila mara kabla ya kuchoma. "Amekunywa dawa gani tangu jana? Hata ya miti shamba."

"Hakuna," akasema Sephora.

"Hakuna," akasema Mama Eugénie.

Banza alikazia macho sakafu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na chumba kilikuwa na baridi.

"Banza?"

"Mama Georgette, tutoke kidogo inje."

"Semea hapa hapa."

Akamtazama mama yake, akamtazama mke wake. Baadaye nilielewa kwa nini alitoka jasho vile. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, mama yake akilia kwa furaha, akashuhudia kwamba ameacha tramadol, vile vidonge ambavyo wachimbaji humeza ili mgongo ukae kimya mchana kutwa shimoni.

"Nilitia tramadol mu chai yake asubui," akasema. "Mbili. Nilimuonea huruma. Zilikuwa mu mufuko yangu."

"Mu mufuko yako?" Mama Eugénie akashika kiuno. "Weye mwenye ulitoa ushuuda?"

Banza akainamisha kichwa. Mimi nilimkaripia mpaka nikakosa pumzi, lakini moyoni nilimshukuru, maana angenyamaza ningechoma. Tramadol na pethidini ni za ukoo mmoja. Ukizirundika, mama hulala, na pumzi yake ikalala naye. Nikairudisha sindano kwenye trei.

"Basi, Sephora. Siwezi."

Nimesikia vilio vingi humu ndani, lakini kile kiliniuma. Kisha kikakatika ghafla.

"Lakini ile chai minye sikukunywa."

"Nani aliinywa?"

Sephora akamtazama mama mkwe wake. "Mama alisema iko na sukari mingi, ni mubaya kwa mutoto. Akaikunywa yeye. Yote."

Sote tukageuka. Mama Eugénie alikuwa amesimama wima juu ya magoti yake yaliyoponywa, macho yamelegea kidogo, anakuna pua kama wanavyoikuna waliomeza tramadol. Alikuwa akiikuna tangu alipofika, na mimi na miaka yangu kumi na tisa sikuona.

Banza akacheka, nikamtoa nje. Nikamkalisha mama mkwe kwenye kiti kando ya kitanda, nikampima presha, nikamhesabia pumzi, nikamkataza kusimama bila ruhusa yangu. Alikuwa salama. Nikamchunguza Sephora, macho na pumzi, nikamwita daktari naye akamchunguza, akakubali. Nikaichukua tena ile sindano huku nikijiandaa kwa vita.

Mama Eugénie alikuwa anapapasa magoti yake taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilidhani ni aibu.

"Hii maumivu itarudia saa ngapi?" akaniuliza.

"Jioni, mama."

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Umupatie sindano yake," akasema. "Minye nilizalaka batoto saba, Mama Georgette. Hakuna hata muntu moya aliniulizaka: Eugénie, uko naumia?"

Nikachoma. Sephora akanyoosha mkono, akaushika wa mama mkwe wake.

"Mama, ulikuwa unaumia?"

"Sana," akasema Mama Eugénie. "Sana, mutoto yangu. Niliumiaka sana."