Shangazi Ni Dada wa Baba

Abigaël alishinda fainali ya judo kule Marseille, na katika mrusho ule ule wa ushindi akavunjika mfupa wa bega. Kocha alinipigia simu: upasuaji ni kesho asubuhi, binti ana miaka kumi na tano, analia ananitaka. Klabu ilikuwa imekata bima ya safari, na bima hiyo humsafirisha mzazi mmoja hadi kitandani kwa mgonjwa. Mimi na mfuko wangu wa mwisho wa mwezi tusingefika hata Namur, mji wa jirani.

Basi nikatoka mtaani kwetu Koekelberg mbio hadi ofisi ya bima, karibu na Schuman. Nikampata Mathieu, kijana wa Lubumbashi, tai shingoni. Nikamshukuru Mungu, huyu ni wa kwetu. Akaniuliza mimi ni nani kwa Abigaël.

"Mama mudogo," nikamjibu. "Mama yake, Mwanvua, alikuwa dada yangu mukubwa. Alikufa mutoto akiwa na miaka ine."

Ulimi uliponza kichwa. Mathieu akaacha kuandika.

"Pole, maman Régine. Donc uko tante. Contrat inasema père ao mère, baba ao mama."

Tante! Yaani shangazi! Damu ilinichemka. Miaka kumi na moja nimefua nguo zake za judo, tangu mkanda mweupe, leo mtoto wa Kikongo ananiita tante!

"Wewe muntu ya Lubumbashi, hauna haya? Shangazi ni dada ya baba! Dada ya mama ni mama. Hiyo Kifaransa yako njo iko na shida, inaita watu wote jina moya!"

Watu kwenye foleni waligeuka. Na wageuke.

"Maman, miye naelewa. Assurance njo haielewe."

"Alors, lete hiyo contrat."

Niliusoma mkataba wote, miwani puani, naye akitazama saa. Ukurasa wa tisa nikagonga meza: "au mtu anayeishi na mtoto na kumlea." Sasa, sisi tuliowahi kuwa wakimbizi hatutembei bila karatasi. Mkobani mwangu, chini ya kitana na rozari, mna cheti cha manispaa cha wakaaji wa nyumba yangu: Régine na Abigaël, basi. Nikakilaza mezani kama turufu.

Mathieu alikisoma mara mbili. Kisha akacheka, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Maman, umeshinda. Ippon kabisa, kama kwa judo!"

Tiketi ya ndege ya jioni ile ikatoka kwenye mashine. Ilibaki sahihi tu, kwenye fomu ambayo Abigaël aliijaza mwenyewe kabla ya safari. Tangu aje kwangu hajaniita ila mama mdogo, kwa heshima ya marehemu, nami sikumdai zaidi. Nikautazama mwandiko wake wa kuinama. Kwenye nafasi ya mama, penye neno "mère", alikuwa ameandika: Régine.

"Kumbe," Mathieu akasema taratibu, "hii tu ingetosha."

Nililia mbele ya foleni nzima, kwa furaha, bila haya. Halafu nikafuta uso, nikabeba tiketi yangu, nikatoka kichwa juu. Simu ikalia mlangoni.

"Mama mudogo, uko wapi?"

"Mama anakuya," nikamjibu.