Mkia Uliokataa Kutulia

Katika idara ya kemia walimwita Desimali, na jina lilimkaa barabara. Akiulizwa saa, hutaja na sekunde. Kazi yake ilikuwa kuitumia kompyuta kutafuta molekuli hukaa umbo gani inapotulia, na aliifanya kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele wa wakwe.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa maabara ya ghorofa ya chini, mtu wa chupa na majiko. Alikuwa ametengeneza rangi mpya ya vitambaa, akamwomba Desimali amtafutie umbo la molekuli yake, kwani Ijumaa angesimama mbele ya wakubwa kuieleza.

Molekuli hiyo ilikuwa na kichwa kigumu na mkia mrefu uliolegea. Programu ilikuja na mipangilio yake ya kawaida, ile inayowatosha watu wengi. Desimali hakujiona miongoni mwa watu wengi. Aliiamuru isisimame mpaka nguvu zinazozivuta atomu zikaribie sifuri kabisa, akakaza kila kikomo kilichokazika, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi kazi ilikuwa haijafika popote. Mkia ulikuwa unakwenda kulia, unarudi kushoto, nishati ikishuka unywele na kupanda unywele. Hatua za hesabu zilizoruhusiwa zikaisha, programu ikakata tamaa. Akaiongezea hatua; nazo zikaisha. Wifi akapanda ngazi kuja kuona, akautazama mkia ukitapatapa kwenye skrini.

"Huyu ni kaka yako siku ya joto," akasema. "Anatafuta upande wa kulalia. Mwambie alale popote."

"Popote si jibu, wifi."

"Ndiyo maana mpaka leo hujachagua mapazia."

 Madirisha ya Desimali yalikuwa na magazeti tangu ahamie.

Alhamisi wifi alifunguka. Alikuwa ameiendesha molekuli mwenyewe, kwa mipangilio ya kawaida, ikamaliza kabla ya chakula cha mchana, na picha ilikuwa tayari kwenye slaidi. Desimali ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Akaomba faili, na hakuiomba kwa wema. Alikuwa anatafuta kosa.

Akalipata. Alipopima mitetemo ya umbo lile, mmoja ulitoka na alama ya kutoa. Maana yake molekuli haikuwa imetulia bondeni, pale nishati inapofika chini kabisa. Ilikuwa imesimama kwenye upenyo kati ya mabonde mawili, na programu ikaona pamesawazika, ikaridhika.

Furaha yake haikufika mbali. Alipofungua mipangilio yake ili kulinganisha, aliona kwamba alikaza kila kitu isipokuwa wavu wa nukta ambao programu huutumia kukadiria nishati. Huo aliuacha na matundu yake makubwa. Siku zote hizo alikuwa anadai usahihi wa unywele kwa kipimo cha fundi mwashi, na kule kutapatapa kwa mkia kulikuwa makosa ya hesabu tu. Akajicheka peke yake, kwanza kwa uchungu.

Alifikiria kumwonyesha wifi kosa moja. Akamwonyesha yote mawili, akianza na la wifi, maana binadamu ni binadamu. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza wafanyeje.

Wakalichukua umbo la wifi, wakausukuma mkia kidogo kuelekea ule mtetemo mbaya ulikoelekeza. Wakaweka wavu wenye matundu madogo. Ilipofika zamu ya vikomo, Desimali alivilegeza mwenyewe, uso wake kama wa mtu anayemeza dawa chungu. Mkia ukajikunja, ukaegemea kichwa, ukatulia. Safari hii mitetemo yote ilitoka salama.

Ijumaa mmoja wa wakubwa aliuliza wamejuaje kwamba hapo ni bondeni kweli. Wifi akajibu bila kutetereka, kisha akaongeza, "Mimi ningewaletea jibu la haraka. Aliyenizuia ni wifi yangu, yule pale nyuma anayejificha."

Desimali alikuwa anajificha kweli. Masikio yake yalipata moto, lakini hakutoka nje.

Walipokutana kwenye korido, wifi alimshika mkono akamweleza kwamba kuna rangi nyingine inakuja, na hiyo ina mikia miwili.

Desimali akamwomba amwache kwanza ale.