Hodi ya Tatu

Zamani, kabla chuo hakijaota kuwa na walinzi wa sare, bweni lile la katikati ya London lilikuwa na mabawabu tu: wazee waliokaa nyuma ya dirisha la mapokezi wakigawa barua, wakichemsha chai na kuwanunia wanafunzi waliochelewa kurudi. Ameir alianza kazi enzi hizo, akazoea. Kisha wanafunzi wakaiteka ofisi ya mkuu wa chuo wiki nzima, wezi nao wakaijua njia ya maabara, na wakubwa wakaamua mabawabu hawatoshi. Ikaundwa idara ya ulinzi. Zikaja redio za mkononi, kofia na sare nyeusi, na juu ya yote akaja Gurmit Singh, inspekta mstaafu wa polisi kutoka Nakuru, mtu asiyejua kuzungusha maneno.

"Sisi si polisi," aliwaambia siku ya kwanza, "lakini mtafanya kazi kama polisi."

Ameir aliipokea sare shingo upande. Lakini sare haikuwa taabu. Taabu ilikuwa funguo. Amri mpya ilisema mlinzi akitumwa kumwangalia mwanafunzi, agonge mara moja, afungue. Hilo Ameir hakuliweza. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, Unguja, wiki chache baada ya mapinduzi, watu wenye bunduki walipoingia kwao bila hodi, familia ikiwa inakula. Walimchukua baba yake, na baba hakurudi. Tangu hapo Ameir alijiapiza hataingia kwa mtu asiyemkaribisha. Hodi tatu, kukiwa kimya anaondoka, kama mama yake alivyomfunza.

"Wewe Ameir," Gurmit alizoea kumtania, "hata moto ukiwaka utangoja uambiwe karibu?"

"Moto hauna adabu, Inspekta. Mie ninayo."

Wakacheka, na mambo yakaishia hapo.

Asubuhi moja ya baridi kali simu ililia mapokezi. Alikuwa Vasanti, mama anayeishi Harrow, pembezoni mwa London, mzaliwa wa Unguja kama Ameir mwenyewe. Binti yake Champa, wa ghorofa ya tatu, alikuwa hajapiga simu tangu juzi. Ameir alimjua vizuri binti huyo. Kila mama alipoleta chakula, yeye ndiye aliyekipandisha, akapiga hodi kwa sauti ya kuimba, na mtoto akajibu kutoka ndani, "Come in, Uncle!"

Akapanda. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, akasikiliza. Ufunguo alikuwa nao mkononi, na kwa mara ya kwanza ulimtia woga, maana huenda msichana yumo ndani, hajavaa, hataki mtu. Nani kampa yeye ruhusa? Akapiga ya tatu. Kisha akashuka.

"Katoka, mama Champa," alimwambia kwenye simu. "Bila shaka yuko library."

Adhuhuri Vasanti akapiga tena, safari hii analia. Rafiki zake Champa walikuwa hawajamwona darasani. "Na ana sukari, Bwana Ameir! Anajidunga sindano! Mfungulieni!"

Gurmit aliyasikia hayo akiwa pembeni. Alimnyang'anya Ameir funguo akapanda ngazi mbio, na umri wake wote ule. Hakugonga. Champa alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, midomo imemkauka, pumzi za kuvuta kwa shida. Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, Ameir alibaki amesimama mlangoni.

Champa alipona. Gurmit alimtetea Ameir kwa wakubwa, kisha akamwita ofisini.

"Kazi yako nimeiokoa. Sasa chagua. Ubebe funguo ufungue milango, au ukae chini kwa geti la magari, hakuna mlango huko."

Ameir alichagua geti. Alijiambia heri kusimama na magari kuliko kuwa mtu wa kuingilia watu. Alikuwa bado anajiambia hivyo Vasanti alipokuja kuchukua nguo za binti yake. Ameir aliinamisha kichwa, akingoja kutukanwa.

"Ulipiga hodi ngapi?" aliuliza Vasanti.

"Tatu."

"Ndivyo asemavyo Champa. Alizisikia zote." Hakupandisha sauti. "Aliijua sauti yako, akafurahi, akasema moyoni Uncle amekuja. Mdomo ndio haukufunguka. Halafu akasikia viatu vyako vinashuka ngazi."

Ameir alilia palepale mbele ya mwanamke wa watu, akiwa na sare yake.

Alipotulia alikwenda kwa Gurmit kuomba funguo. Gurmit alizitoa mezani akamtia mkononi.

Wiki ile ile akatumwa ghorofa ya tano: kijana mmoja hajaonekana tangu jana. Ameir alipiga hodi, akapiga tena, na ya tatu ilipotoka mdomoni ufunguo ulikuwa umeshazunguka. Kijana aliruka kutoka kitandani akimporomoshea matusi, ya mama na ya nchi aliyotoka. Ameir aliomba radhi, akaomba tena, akafunga mlango polepole. Alishuka ngazi akiyasikia matusi yale nyuma yake, sauti ya mtu aliye hai, na hakutaka yanyamaze.