Ndoana Alizonifungia Denzil

Kwa miaka sita watu wawili tu duniani walijua kwamba ndoana zangu sifungi mwenyewe. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Denzil Orme, aliyekuwa akinifungia.

Kama hujawahi kuvua kwenye mfereji wetu mwezi wa Januari utaona ni jambo dogo. Wakati wa joto mashua hupita kutwa, tope linatibuka, na samaki haoni mbele wala nyuma. Mtupie hata kamba ya kuanikia nguo, atakuja. Baridi ikiingia mashua zinalala, tope linatua, maji yanakuwa kama ya kunywa. Rochi, yule samaki mwembamba wa mapezi mekundu, hana tena hamu ya kula. Amebakiwa na kazi moja, kukagua. Kwa hiyo kila kitu chako unakipunguza. Boya liwe kama njiti ya kiberiti. Ndoana namba ishirini na mbili, ambayo ukipiga chafya imekwenda. Mshipi wa nane, yaani milimita moja igawe mara mia, uchukue vipande vinane. Unywele wa mke wangu Avis ni mnene kuliko huo, na Avis ananyonyoka.

Macho yangu yalianza kunikimbia nikiwa na miaka sitini na tano. Vidole navyo, baada ya miaka arobaini ya kutoa vyombo kwenye tanuri la kiwanda cha udongo, havisikii tena kitu chembamba. Mimi kufunga ndoana ile ilikuwa kama kumvisha kiroboto tai.

Na nahodha wetu, Bernice Tranter, hamchukui kwenye timu mtu asiyefunga ndoana yake. "Ikikatika katikati ya mashindano atafanya nini," husema, "apige filimbi aletewe fundi?" Ndiyo maana tulificha. Timu ya majira ya baridi ina watu watano, nami nilikuwa nimekaa humo miaka kumi na tisa. Mwaka huu Bernice alitaja wanne, jina langu halimo. Nafasi ya tano, akasema, ataichukua atakayepata uzito mkubwa Jumapili miongoni mwetu tuliobaki.

Jumamosi Denzil akaja jikoni kwangu.

"Hodi, kipofu!"

"Pita, kilema." Ana goti bovu.

Avis alituwekea chapati za shayiri na jibini, kisha akatoa kopo la funza kwenye friji na kulibwaga mezani. "Clem, nimekwambia mara ngapi? Hawa wadudu wako hawalali na siagi yangu."

"Wekundu hawa," nikamwambia Denzil. "Nianze nao?"

"Anza na mkate. Mkate mweupe uliosagwa, kiasi cha yai, tupa mara moja tu. Kwenye ndoana weka kipande kama kichwa cha pini. Wakikataa mkate, ndipo uende kwenye funza, na uwatupie watatu watatu."

"Watatu? Mzee, hata mama mkwe alikuwa ananipakulia zaidi ya hapo."

"Kwa baridi hii ukiwashibisha umewaaga."

Akatoa pakiti kumi, kila moja ina ndoana iliyokwisha fungwa kwenye kipande cha mshipi, na juu yake mwandiko wake mkubwa ninaoweza kuusoma: ishirini na mbili, mshipi wa nane.

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Huitaki hiyo nafasi?"

"Na goti hili? Hiyo nafasi yako, mzee. Nani wa kukutoa?"

Akala chapati yangu ya mwisho akaondoka.

Jumapili ukingo wa maji ulikuwa na barafu nyembamba. Tulipiga kura za vituo, nami nikapata chini ya daraja, mahali ambapo mtu angeuza bibi yake apapate. Denzil naye alivua, kituo cha nne kutoka kwangu. Nikafanya kila kitu alivyosema. Mkate, saa nzima, boya likasimama wima kama askari wa lindo. Nikaingia kwenye funza, watatu watatu. Boya halikutikisika.

Jirani yangu wa kushoto akashindwa kuvumilia. "Babu, wapo hapo! Ukitupa funza nawaona wanavyometameta. Wanakula wote ila wa kwako wa kwenye ndoana."

"Wananiheshimu," nikasema.

Nikapunguza boya. Nikabadili ndoana, nikafungua pakiti ya pili, ya tatu. Nikashusha chambo hadi chini kabisa, na hapo ikanasa. Kitu kizito, hakitikisiki. Haikunisumbua, maana mshipi wa nane ukinasa unaushika kwa mkono, unauvuta kidogo, unakatika, unaweka mwingine. Nikaushika. Nikavuta. Haukukatika. Nikauzungusha kwenye kiganja cha glavu nikarudi nyuma hatua moja, halafu mbili, halafu nikawa nimeegemea daraja, na pale majini ukaibuka usukani, kisha gurudumu, kisha baiskeli nzima ya mtoto ikapanda ukingoni ikidondosha matope. Naapa kengele yake ililia.

Jirani alipiga makofi. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kiti changu nikauangalia ule mshipi: wa nane hauvuti baiskeli.

Kifunikoni mwa kisanduku changu kulikuwa na ndoana moja iliyobaki tangu mwaka jana, nayo ya Denzil. Niliupitisha mshipi wake katikati ya midomo, kwa sababu midomo bado inasikia. Ulipita kama pumzi. Kisha nikapitisha wa pakiti mpya. Ulipita kama kamba ya kiatu. Nikajaribu zote saba zilizobaki. Kamba, kamba, kamba. Mtu akikosea anakosea moja, au mbili. Kumi hazikosewi.

Nikaifunga ile ya mwaka jana, fundo kubwa tu la mshipi kwa mshipi, na nikatumia nusu saa nzima kwa vidole vilivyokufa ganzi. Iliyobaki ilikuwa nusu saa. Nikapata rochi watatu. Filimbi ikalia.

Bernice alipita na mizani. Mimi wakia tano. Denzil ratili mbili na wakia moja, akawamwaga samaki wake majini wakiwa hai, akiwa hanitazami.

Baadaye kwenye baa, karibu na moto, Bernice akasimama na karatasi. "Nafasi ya tano, Denzil Orme." Watu wakampiga mgongoni. Goti lake lilisimama vizuri sana.

"Subiri, Bernice," nikasema. "Nimetoa baiskeli kwa ndoana ya ishirini na mbili."

Baa nzima ikaangua kicheko. "Mwaka jana alikuwa farasi!" mmoja akapiga kelele. "Mwendeshaji ulimrudisha majini?"

Bernice hakucheka. Yeye ndiye aliyebaki na akili siku ile. "Baiskeli? Kwa mshipi wa nane?"

"Haukuwa wa nane."

"Nani alikufungia?"

Nikamwangalia Denzil. Denzil akaangalia bia yake. Nikaelewa kwamba hata hili alilipigia hesabu tangu akiwa mezani kwangu, mdomo umejaa jibini. Nikisema yeye, nimekiri mbele ya nahodha kwamba sijafunga ndoana miaka sita, na si mwaka huu tu, mlango wa timu umefungwa milele. Nikinyamaza, mimi ni mzee tu aliyechukua mshipi usio wenyewe.

"Nilijifungia mwenyewe," nikasema.

Bernice akanigusa bega. "Macho, Clem. Kapime macho."

Nilirudi nyumbani kwenye gari la Denzil, kwa kuwa siendeshi tena. Kwenye taa nyekundu nikasema, "Ungeniomba."

"Ungenipa?"

"Ningekupa."

Nimesema uongo mwingi kuhusu samaki, lakini hilo hadi leo sijui lilikuwa nini.

"Miaka sita," akasema, "nakufungia ndoana, unakwenda kuvaa koti la timu. Mimi nabaki kwenye uzio na chupa ya chai nikikushangilia. Nusu ya samaki wako ni wangu, Clem."

"Basi ungechukua nusu. Hukuniachia hata mapezi."

Taa ikawa kijani. Akatia gia.

Alinishushia vyombo hadi mlangoni, kama kawaida yake, goti likiwa limekumbuka kuuma. "Jumatano nikupitie?"

"Kuna basi."

"Basi halipakii ufito wako wa kuvulia wa mita kumi na moja."

"Nitachukua mfupi."

Akazungusha funguo mkononi, akaenda zake. Pakiti zake saba nilizitia kwenye jiko la makaa. Avis akauliza harufu ya nini, nikamwambia ni ya timu.

Jumatano nikapanda basi na ufito mfupi, nusu mkate, na ndoana namba kumi na nne, kubwa ya kuonekana, niliyoifunga mwenyewe tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili na robo. Maji yalikuwa safi mpaka chini. Sikupata hata wa kunusa. Mtu akiniuliza namwambia nilipata saba.