Kadi ya Jebet

"Mchezaji wa aina hiyo hayupo," Augustine alisema, akaisukuma kadi yangu kwa ncha ya kalamu kana kwamba ilikuwa na mafuta. "Mama Chelsea, tulikubaliana. Waliosahauliwa, ndiyo. Lakini waliosahauliwa na historia."

"Na huyu amesahauliwa na nani?"

Joram alicheka. Akasema kwa hesabu hiyo yeye naye atamleta shangazi yake, aliyekuwa akiwatupia nyani mawe shambani bila kukosa. Laban, mume wangu, aliutazama ubao kama mtu anayetaka amani na marafiki zake na pia chakula cha jioni.

Ilikuwa Ijumaa mchana mwaka 2011, sebuleni kwetu Muaither, huku Uarabuni. Mchezo uliokuwa mezani ni wa besiboli: ubao uliochorwa uwanja, dadu mbili, na kadi, kila kadi mchezaji mmoja aliyepata kuishi. Takwimu za msimu wake mmoja hugeuzwa kuwa jedwali. Unarusha dadu, unasoma jedwali, unajua kama amepiga au ametolewa. Mhandisi mmoja Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao alimwachia Augustine sanduku zima, na Augustine, fundi wa kompyuta asiyeweza kuona kitu bila kukitungia katiba, akaanzisha ligi ya timu sita. Dadu za sanduku zilipotea mwezi wa kwanza, tukawa tunatumia za ludo ya Chelsea, binti yetu. Wenzangu waliijua besiboli kwa dadu hizo. Mimi niliijua kwa vumbi.

Msimu huo katiba iliruhusu kila timu kutengeneza kadi tatu za wachezaji wa zamani walioachwa nje ya sanduku. Wanaume walifanya kazi nzuri, sitawanyima. Walichimba kwenye mtandao wiki nzima wakawafufua Wamarekani weusi waliocheza katika ligi zao wenyewe enzi za ubaguzi, watu waliopiga mpira ukapotea na magazeti makubwa yakanyamaza. Sharti lilikuwa moja: takwimu za msimu mzima, zilizoandikwa siku ileile ya mchezo.

Mimi nilileta kadi moja. Jebet, chuo cha ualimu, softiboli, ile besiboli ya wasichana, 1993. Pembeni yake nikaweka daftari la alama lenye jalada la bluu, ambalo nilihama nalo kutoka Kenya katika bahasha moja na stashahada yangu.

Jebet mwenyewe alikuwa jikoni. Alifanya kazi za nyumbani kwa familia moja Umm Salal, na ruhusa yake ilikuwa Ijumaa moja kwa mwezi. Alikuwa akifika kwetu, anavua abaya, anaanza kusukuma chapati kabla sijamkaribisha. Wanaume walimjua kwa chapati hizo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Jumanne angepanda ndege kurudi nyumbani, na saa kumi na mbili jioni hiyo dereva wa mwajiri angekuja kumchukua kwa mara ya mwisho. Nilitaka jina lake lisimame kwenye mstari wa wapigaji mara moja, kabla ya dereva. Sikutaka kingine.

"Daftari uliandika wewe," Augustine alisema. "Kumhusu rafiki yako. Huo ni ushahidi gani?"

Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana liliniuma.

Chuoni nilikuwa mwandishi wa alama kwa sababu sikuweza kukimbia na nilikuwa na mwandiko mzuri. Mpigaji akipiga mpira akafika kituoni salama, mwandishi peke yake ndiye anayeamua: lilikuwa pigo la haki, au ni mdakaji aliyekosea. Likiwa pigo, ni lake mpaka afe. Likiwa kosa la mdakaji, mpigaji hana kitu. Katika fainali ya mwaka ule Jebet alipiga mpira wa chini, mkali, nusura umng'oe glovu mdakaji wa kituo cha tatu. Lilikuwa pigo. Mdakaji mwenyewe alikuwa anapuliza vidole. Lakini mwalimu wa chuo pinzani alisimama nyuma ya kiti changu, naye alijua kwamba mimi na Jebet tunalala chumba kimoja. Akakohoa. Nikaandika kosa.

Jioni ile mpigaji bora alitangazwa msichana mwingine, kwa tofauti ya pigo moja, na huyo ndiye aliyechukuliwa timu ya mkoa. Jebet alibeba gongo lake mpaka bwenini. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Miaka kumi na minane baadaye niliwaambia wanaume wale sebuleni, kwa maneno machache, kama ninavyosoma faili pale kliniki ninapofanya kazi. Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole.

"Nilimpunja hapa. Kadi hii imepungukiwa na pigo moja. Ningeweza kulirudisha pigo hilo jana nilipokuwa na kikokotoo, na nani kati yenu angejua? Iko kama daftari linavyosema. Na bado, Augustine, ilinganishe na kadi yako yoyote."

Hakuilinganisha. Alisema softiboli si besiboli, mpira wake ni mkubwa, na kwamba kadi hiyo ikiingia uwanjani timu yangu itafutwa na ushindi wote wa msimu nayo. Nilikuwa wa pili kwenye ligi. Ilikuwa miezi mitano ya Ijumaa.

"Nilijua."

Jebet alikuwa mlangoni mwa jiko, unga mpaka kwenye viwiko. Aliongea nami, si nao.

"Uliinama sana ulipoandika. Mtu haandiki pigo akiwa ameinama hivyo." Akapangusa paji la uso kwa sehemu ya juu ya mkono. "Caro, wacha. Chapati itaungua." Akarudi ndani.

Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo kwa nini ni lile "wacha" lililoniinua. Angenilaumu, labda ningeketi tu.

"Futa," nilimwambia Augustine.

Hakuwa amelitarajia. Kalamu yake ilibaki hewani. Nikaokota kadi yangu, kisha nikaokota dadu. Ubao niliuacha, ulikuwa wake. Joram akauliza wao sasa watarusha nini. Nikamwambia warushe katiba.

Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma yangu. Laban alikuwa ameinuka. Alipekua kadi za timu yake taratibu, akatoa moja, mrushaji wake bora, akanifuata.

Jikoni Jebet alizima gesi. Hakuzigusa dadu kwanza. Alifuta mikono, akaichukua kadi, akasoma mstari kwa mstari, kidole chake kikisimama pale palipopungua, kisha kikaendelea.

"Nani anarusha mpira?" aliuliza.

Laban akaiweka kadi yake kwenye meza yenye unga.

Jebet alirudi nyuma nusu hatua, akatanua miguu, akatafuta mahali pa kusimama kwenye vigae. Nikampa dadu, akazirusha. Zilipita katikati ya unga, zikaacha njia mbili nyembamba.